Mke Aliyeondoka Redioni

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Kulikucha na manyunyu, na baridi iliyowafanya wateja wa saluni wabanane benchini kama vifaranga.

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mwalimu wa chekechea redio ilipotangaza wimbo mpya wa kantri, zile nyimbo za gitaa na machozi. Mwimbaji: fundi wa kuchomelea mageti. Mume wake! Kwa muda mrefu alikuwa akimwomba Mungu wimbo huo upigwe. Akaongeza sauti kwa kiwiko.

Gitaa likalia. Kisha sauti aliyoijua hata usingizini ikaimba kwamba mke wake ameondoka na dereva wa lori, chai kaiacha ikipoa mezani, wala hakuaga.

Rasta zilimponyoka.

"Shoga," mwalimu akanong'ona, "dereva yupi huyo?"

"Dereva gani! Si unaniona nimesimama hapa?"

"Watu huondoka wakarudi."

Kabla hajajibu, mama mkwe akaingia mbiombio, mtandio umelowa. "Mwanangu kakukosea nini, mkwe, hata umkimbie kwa lori?"

"Mama, ni wimbo tu!" Fundi mwenyewe alikuwa nyuma yake, akihema, miwani ya kuchomelea utosini. "Kantri ndivyo ilivyo. Mke asipoondoka, ubeti wa pili utaimba nini?"

"Imba kwamba nipo!" msusi akafoka.

"Ukiwepo, chai haipoi. Chai isipopoa, nani atalia?"

Wateja wakaangua kicheko. Msusi hakucheka. Yule anayemwombea kila alfajiri ndiye leo kamfukuza redioni, dunia nzima ikisikia.

"Niambie ukweli, baba watoto. Unatamani niondoke?"

Uso wa fundi ukasawijika. Swali hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Mimi? Ukichelewa sokoni tu, nasimama mlangoni kama niliyefiwa. Nilitafuta jambo linalonitisha kuliko yote, nikaliimba."

Msusi akawaelekezea wateja kidole. "Basi sema mbele yao. Waliosikia uongo wasikie na hili."

Mama mkwe akamsukuma mwanawe hadi katikati ya saluni. Fundi akainua mkono wake wenye masizi.

"Mbele ya Mungu, mbele ya mama na ninyi wateja, naahidi: kuanzia leo, katika nyimbo zangu nitaondoka mimi. Na kabla ya kiitikio cha mwisho, nitakuwa nimerudi nyumbani."