Hatua ya Nne

Mama yangu alirekodi ile DVD siku mbili kabla ya kufanyiwa upasuaji wa koo. Sasa hana sauti. Yote iliyobaki imo kwenye diski hiyo, zawadi kwa mjukuu wake Vieno anayetimiza miaka minne leo. Saa kumi na mbili jioni Mummo, kama Vieno anavyomwita bibi yake, angepiga simu kutoka Kemijärvi asikie mtoto ameipokeaje.

Televisheni hatuna. Tuna kompyuta moja ya mfumo wa Linux, kikongwe cha miaka kumi na mitatu, kwa sababu mume wangu Ilmo haamini kitu ambacho hajakifungua kwa bisibisi.

"Vi-vi-vi-vi," alisema Mummo kwenye kioo, mdomo wazi, kama aliyepaliwa na kiazi.

"Mummo ana kwikwi!"

"Si kwikwi, mwanangu. Ni baba yako."

Ilmo hakucheka. Alibadilisha programu mara tatu, nyingine akaiunda mwenyewe upya, dakika arobaini, feni ikinguruma. Kwikwi palepale.

"Nikaazime mashine ya jirani?"

"Ya jirani? Afadhali udai talaka!"

"Basi uliza wenzako wa mtandaoni."

Akanywea. Miaka minane sasa, kila mgeni akiuliza swali kwenye jukwaa lao la Linux, Ilmo humjibu jambo lilelile: soma mwongozo. Lakini ilishafika saa kumi na moja na nusu. Akaandika kwa kidole kimoja, kama anayeungama.

Jibu halikuchelewa: "Soma mwongozo, mzee," na kiungo chini yake. Tukakifungua. Juu kabisa: Umeandikwa na Ilmo Kärnä.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

"Hatua ya nne," nikasoma. "Washa DMA, diski ipeleke data kwenye kumbukumbu moja kwa moja bila kuichosha prosesa. Usipofanya hivyo, usije kunililia."

"Niliiruka," akanong'ona. "Si naijua!"

"Haya, lia."

Ilikuwa amri moja tu, mstari mmoja.

"Vieno, kipenzi cha Mummo," ikasema sauti, laini, bila kukwama popote, kisha ikaanza kuimba.

Simu ikaita. Vieno akaibana kwenye spika. "Mummo, sikiliza! Ni wewe!"

 Upande wa pili ukucha ukaanza kugonga simu, tok, tok, ukiufuata wimbo.