Kizuizi cha Amani

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa direkta wa programu katika televisheni yetu ndogo ya Goma, na kila sauti iliyosoma habari pale niliichagua mimi, Namegabe. Sauti moja tu sikuichagua kamwe, nayo ni yangu. Nina kigugumizi.

Vita ilipofika Rutshuru, mtangazaji wetu Achille alipanda boti kwenda Bukavu akiwa amevaa koti la stesheni, lile moja ambalo watangazaji wote walivaa kwa zamu. Mwenye stesheni, Papa Zihindula, hakulilia koti. Aliniambia kwamba habari za saa moja jioni zikikosa mtu wa kuzisoma hata siku moja, ofisi yangu anaipa mpwa wake Julien, bwana mzima anayeamini kuwa mikrofoni husikia vizuri ikipigwa makofi.

Nilitafuta mji mzima. Wenye sauti nzuri walikuwa wamekimbia, na waliobaki ningewalipa wanyamaze. Ndipo nikaonyeshwa Mama Kasoki, mkimbizi kutoka kijiji cha Kalengera, upande wa Rutshuru, aliyekuwa akilala kwa dada yake mtaa wa Mapendo. Parokiani kwao alikuwa amesoma matangazo baada ya misa kwa miaka ishirini. Alinisomea mistari miwili, nikamwajiri palepale.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia televisheni si kanisa.

Jumapili yake ya kwanza habari kubwa ilikuwa kwamba serikali na waasi wamekubaliana kusimamisha mapigano. Mama Kasoki aliisoma vizuri, kisha akaitazama kamera kwa ukali.

"Hii ni tangazo la kwanza," akasema. "Mutu mwenye kujua kizuizi, alete kwa Papa Direkta mbele ya tangazo la tatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kila Mkatoliki wa Goma anayajua maneno hayo. Husomwa Jumapili tatu kabla ya ndoa, ili anayejua kwamba bwana harusi ana mke mwingine huko Beni aseme mapema.

Asubuhi foleni ilianzia mlangoni kwangu. Muuza viazi mmoja alikuwa ameona askari wakichimba mahandaki shambani kwake. Dereva wa pikipiki alikuwa amehesabu vizuizi vinne vya barabarani. Muzee Kamate alileta kizuizi cha ndoa ya dada yake, nikamwelekeza parokiani. Nilifoka, lakini niliandika yote, na jioni tukawa na habari ambazo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nazo. Papa Zihindula alikuja kunigombeza, akaiona foleni, akauliza mwisho wake uko wapi. Lori lake lilikuwa limerudishwa njiani.

Baada ya tangazo la pili walikuja watu watatu tu. Barabara ilikuwa inafunguka, na lori la Papa Zihindula lilipita salama. Mama Kasoki akaanza kufunga sufuria zake. Alinieleza kwa upole kwamba tangazo la tatu likipita bila kizuizi, Jumatatu atapanda gari kwenda Kalengera, maana maharage yake yanamngoja. Hapo ndipo akili iliponijia. Amani ikidumu, mimi sina msomaji, na Julien anaingia ofisini.

Jumapili ya tatu hakuja mtu. Nilikaa na daftari wazi kutwa nzima nikiomba, naona aibu kusema, angalau risasi moja tu ya bahati mbaya. Saa moja nikasimama nyuma ya kamera. Ningeweza kubuni kizuizi, na nani angembishia direkta?

Mama Kasoki akasoma tangazo la tatu, akauliza kuhusu kizuizi, kisha akaniangalia mimi. Miaka ishirini ilikuwa imemfundisha uso wa mtu anayetaka kuharibu harusi.

"Papa Direkta, weye uko na kizuizi?"

Mji mzima ulikuwa unasikiliza. Ilinichukua muda, maana herufi ya kwanza iligoma mara tatu.

"Sina, mama."

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza hewani kwa miaka kumi na tisa.

"Basi bapatane," akasema, akakunja karatasi.

Jumatatu nilimbebea godoro lake hadi kwenye magari ya Rutshuru, na nililia kidogo, lakini godoro lilinificha. Niliporudi, Julien alikuwa kwenye kiti changu akiipiga mikrofoni makofi. Nilimpa ufunguo. Aliuliza kama nina neno, nikamjibu sina kizuizi, ingawa nilikuwa navyo kama saba.