Scholastika Hafutiki

Bi Hidaya alibonyeza kitufe cha kufuta, akamwaga na pipa la takataka la kompyuta, kisha akapiga vigelegele mpaka kijiji kizima cha Kinole kikageuka.

"Watani! Ukoo wenu nimeumeza! Leteni jogoo niutapike!"

Mzee Fidelis alishika kiuno. Ruhusa ya kukasirika hakuwa nayo: Bi Hidaya, karani mstaafu, alitoka ukoo wa watani wao, na mtani akikuchezea hununi. Lakini faili alilolifuta ndilo lililokuwa orodha ya ukoo mzima, na baada ya chakula Mzee Fidelis alitakiwa kuisoma mbele ya ndugu wote waliokusanyika. Akishindwa, utunzaji wa orodha ungehamia kwa mpwa wake Castory, mwenye daftari la madoa ya mchuzi.

"Mjomba, nilete daftari?" Castory aliuliza, meno yote nje.

"Kaa chini!"

Mzee Fidelis alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Kompyuta alijifunza darasa la jioni kule Mafiga, akiwa na miaka sabini, na alichokipenda kuliko vyote ni Git, programu inayotunza kila toleo la faili, pamoja na tarehe na sababu ya badiliko. Akaandika kwa vidole viwili: git restore ukoo.txt. Faili likarudi zima, kana kwamba lilikwenda kuchota maji tu.

Watu walipiga makofi. Bi Hidaya alijitupa mkekani akimlilia jogoo wake.

Angeishia hapo, angekuwa salama. Lakini sifa zilikwisha kumpanda kichwani.

"Ngojeni muone na historia yake!"

Akaandika git log. Bi Hidaya akaruka kutoka mkekani, akachungulia, akasoma kwa sauti mstari wa juu kabisa:

"'Nimemtoa Dada Scholastika na uzao wake wote. Amesema mchicha wangu ni magugu.' Tarehe kumi na mbili Machi!"

Kikapasuka kicheko cha kuangusha sahani.

Mzee Fidelis alifunika skrini kwa viganja, akachelewa. Yeye na dada yake walipatana tangu Pasaka. Badiliko lile alilisahau kabisa. Na kwa Waluguru ukoo hupitia kwa mama. Bila Scholastika, nusu ya waliokaa pale walikuwa wageni.

"Kumbe, mjomba, nimekula pilau la watu!" Castory alipiga kelele.

Bi Scholastika, miaka themanini na ushee, akanyanyuka na fimbo yake.

"Shikamoo, dada," Mzee Fidelis aliwahi.

"Marahaba, mfuta watu. Nirudishe."

Mzee Fidelis akatafuta kwenye historia namba ya toleo lililotangulia, akaandika git checkout 7c2e19a -- ukoo.txt, akafungua faili. Scholastika huyo, na wanawe, na wajukuu wamejipanga nyuma yake.

"Sasa nihifadhi badiliko, dada. Programu inataka sababu."

"Sababu nitakutajia mimi, leo na siku zote. Orodha endelea kuitunza, lakini hugusi jina la mtu kabla hujaniuliza. Andika: Scholastika hafutiki."

Akaandika, akahifadhi, akasimama kusoma. Kila aliyetajwa aliitika "Nipo!", Castory kwa sauti ya kutisha ng'ombe. Na walipofikiwa marehemu, Bi Hidaya aliwaitikia wote, kila mmoja kwa sauti yake.