Mke wa Akiba

Hyasinta alipoambiwa kliniki kwamba ana virusi vya Ukimwi, na mumewe Yohani kwamba hana, walilia wote wawili, kisha wakarudi Mbulumbulu kuendelea na maisha. Hyasinta akaanza dawa. Miezi ikapita, kipimo kikawa hakioni tena virusi, na nesi akawaambia wazi kuwa akiendelea kumeza vizuri, hawezi kumwambukiza mumewe. Kosa lao lilikuwa kumwambia siri hiyo ndugu mmoja wa ukoo. Habari ikafika Mbulu kwa Blandina, shangazi yake Yohani, mama mwenye huruma nyingi, hasa kwa wafu.

Shangazi hakungoja msiba. Alikuja na kikombe chake, sahani yake, na binti aitwaye Goodness, akisema amemleta kumuuguza mgonjwa.

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?" Goodness akauliza.

Mgonjwa alikuwa uani anapura maharage. Alikuja akijifuta jasho, akawakaribisha chai. Shangazi alifuta kiti kwa kanga kabla ya kukikalia, akasema amefunga. Goodness akanywa vikombe viwili, maana safari ilikuwa ndefu na yeye hakufunga.

Wiki nzima Shangazi alimkagua Hyasinta kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Hyasinta akipiga chafya, Shangazi anatikisa kichwa kwa majonzi. Hyasinta alipika, alipalilia, alicheka na majirani. Jikoni peke yake ndipo alipolia, kwa sababu kuishi na mtu anayekusubiri ufe kunachosha hata ukiwa mzima.

Jumapili baada ya misa, Shangazi akawaita wote sebuleni.

"Mwanangu Yohani, bado kijana wewe. Goodness ni mzima, ana adabu. Usingoje mpaka..." Akamwangalia Hyasinta, akashusha sauti kwa heshima. "Mpaka baadaye."

"Nina mke, Shangazi," Yohani akasema.

Jibu hilo Shangazi alikuwa amejiandaa nalo. Hakujiandaa na Goodness.

"Shangazi, naomba kuuliza. Kaka analala kitanda kimoja na dada?"

"Ndilo tatizo lenyewe, binti yangu."

"Basi kama dada anaambukiza, kaka naye keshaambukizwa, na wewe umenileta nife. Kama haambukizi, umenileta kufanya nini?"

Shangazi akamwomba Mungu amsamehe binti huyo kiburi chake. Yohani alitoka nje acheke vizuri.

Jikoni, Goodness alimwambia Hyasinta bila kumtazama, "Nyumbani waliniambia nina bahati. Nisamehe, dada."

"Wewe umeshawahi kupima?"

"Hapana. Naogopa."

"Hata mimi niliogopa. Kesho tutakwenda wote."

Wakaenda Karatu. Hyasinta alimshika mkono mpaka jina lake lilipoitwa. Goodness hakuwa na virusi. Nesi akamfundisha namna ya kujikinga, akampa na kondomu, naye akazitia kwenye pochi bila haya. Hakurudi Mbulu, alipata kazi ya jikoni kwenye kambi moja ya watalii, na siku zake za mapumziko huja kwa Hyasinta kula makande.

Shangazi alirudi kwao peke yake. Anawaeleza watu kwamba nyumba ile imempotosha binti wa watu, na kwamba uzima wa Hyasinta umetokana na sala zake yeye. Wakimuuliza hali ya Hyasinta siku hizi, anashusha pumzi kama mtu aliyedhulumiwa.

"Bado hajafa," anasema.