Mzazi Niliyemsingizia

Mimi kazi yangu kulea wazazi. Ukijifungua hapa Michenzani, kabla mama yako hajafika, Bi Riyama nshafika: maji ya moto nachemsha mimi, mtoto namkanda mimi, ubani nafukiza mimi, mpaka utoke arubaini. Miaka thelathini na moja. Sasa niambieni, mtu kama mimi nifundishwe kazi na Abbas muuza ndege wa Darajani?

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mjukuu wangu Ulfat, ana miaka kumi na miwili, alinunuliwa na baba yake panya mweupe kwa huyo Abbas. Panya, jamani, nyumba ya watu wanaosali! Nilisema mpaka nikachoka. Jina akampa Lulu. Kumbe Lulu kaja na mimba yake, na Jumatano akazaa watoto saba, wekundu, wadogo kama maharage, macho hayajafunguka. Ijumaa Ulfat akawa anakwenda Paje na baba yake, harusini, siku mbili.

"Bibi, maji yake yapo, wewe ummwagie mtama kwa juu tu," akaniambia mlangoni. "Tundu lake la waya usilifungue. Abbas kasema wasiguswe hata kidogo, siku kumi."

"Abbas kazaa lini?"

"Bibi, nakuomba. Niahidi."

Nikamwahidi, huku nacheka.

Jumamosi asubuhi tundu likawa linanuka. Vitambaa vimelowa mkojo, na mzazi kalala humo humo. Mimi siwezi kumwona mzazi kalala kwenye uchafu, siwezi, hata awe panya. Nikafungua. Nikawatoa watoto mmoja mmoja, nikawapaka mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole, nikatandika kipande cha kanga safi, nikaweka chetezo chini ya tundu nikafukiza ubani, na bismillahi nikasoma. Lulu akawa anazunguka, anaparamia waya, analia kisauti chembamba. Nikamwambia tulia mama, wote mnaogopa mara ya kwanza. Nilijiona nimefanya kazi ya maana, wallahi.

Nilipomaliza kusali adhuhuri walikuwa wamebaki wawili. Alasiri hakuna hata mmoja. Nilichokiona kwenye ile kanga sitaki kukieleza.

Kanga nikaifua. Chetezo nikakirudisha kabatini. Vile vitambaa vichafu nikavitoa kwenye taka nikavitandika tena kama vilivyokuwa. Mtu mzima mimi, nshahiji, napekua taka kutafuta mkojo wa panya ili nifiche kosa langu.

Ulfat alirudi Jumapili. Hata viatu hajavua. "Bibi, wako wapi?"

"Kawala mwenyewe," nikasema. "Panya ndivyo walivyo, mwanangu. Hawana huruma."

Hilo ndilo linaloniunguza. Miaka yote nimegombana na watu wanaowasema wazazi: huyu kamlalia mtoto, yule ana mkosi. Wanawake wazima nimewafukuza chumbani kwa maneno hayo. Leo nimemsingizia mzazi asiyeweza kunijibu, tena aliyefiwa na wanawe saba kwa mkono wangu.

Ulfat hakulia sana. Alimchukia. Tundu akalihamishia ukumbini, na akimpa maji anageuza uso. "Muuaji," ndivyo alivyomwita. Siku ya tatu akasema tumrudishe alikotoka, tukaenda wote.

Abbas akachungulia tundu, akatikisa kichwa. "Huyu hali watoto wake hivi hivi. Hula akitishwa. Hakuna aliyefungua?"

"Bibi yangu aliahidi," Ulfat akamjibu kwa ukali. "Bibi yangu hasemi uongo."

"Basi ana tabia mbaya, wa kumuuzia sina. Niachie, ntampa yule jamaa anayefuga nyoka."

Ulfat akamnyooshea tundu.

"Nilifungua mimi," nikasema. "Niliwagusa, niliwapaka mafuta, niliwafukiza. Kisha nikakudanganya."

Dukani mlikuwa na wateja wawili, na wote waligeuka. Uso uliniwaka, nikatamani ardhi ipasuke niingie. Abbas, Mungu amjaalie, akajitia anapanga vyombo vya maji ya ndege.

Ulfat akalikumbatia tundu akatoka. Tukatembea mpaka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, kila nikimwita haitiki. Kwenye ngazi, ghorofa ya pili, akasimama mbele ya mlango wa jirani yetu Mwanakheir. Mwanakheir alifiwa na mtoto mwaka jana, siku ya kumi na mbili baada ya kuzaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlea.

"Bibi," Ulfat akasema kwa sauti ya chini, wasimsikie ndani. "Mtoto wa huyu, ulituambia alizaliwa na moyo mbovu."

"Ndivyo daktari alivyosema."

"Alipokufa, nani alikuwa naye?"

"Mimi. Mama yake alikuwa anaoga."

Akautazama mlango wa Mwanakheir.

"Ulfat! Wallahi ni maneno ya daktari. Muulize baba yako, alikuwepo hospitali daktari alipotuambia."

Alinitazama, kisha akatazama chini.

"Ntamuuliza," akasema, akapanda ngazi na tundu lake.