Mama Aja Kuona Popo

Ulimi uliponza kichwa, wala sikatai. Wiki iliyopita nilimpigia mama simu nikiwa na hasira, nikamwambia popo wa mume wangu Okari watatuua sote hapa Homa Bay. Mama anauza ndizi sokoni Migori na hana mchezo. Jumapili saa nne asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, hata chai hataki.

"Nimekuja kuchukua Nyakerario," akasema. "Mtoto ya miaka nne haiwezi kulelewa na popo."

Nyakerario ni binti yetu wa pekee. Alikuwa kwa jirani akicheza, hajui kwamba jioni hiyo huenda akalala Migori. Nikamsihi mama aone kwanza kwa macho yake, akakubali, na hapo ndipo karaha ilipoanza.

Nyumba ya popo ni chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba yetu, chenye giza na wavu katikati. Upande mmoja wananing'inia popo kumi na wanane, upande wa pili kuna benchi la wageni. Milango ni miwili, na lazima mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa, wasije wakatoroka. Okari huwaingiza wanafunzi humo akawafundisha mpaka wanasahau njaa. Lakini mama ni mama mkwe wake. Kwetu Wakisii, mtu na mama mkwe wake hawajifungii pamoja katika chumba cha giza, hata wakiwa na popo kumi na wanane wa kuwashuhudia. Hiyo ndiyo ensoni, heshima ya wakwe, na wote wawili waliishikilia utadhani wamepanga kunikomesha.

Basi mwenye kujua akabaki nje, na mimi nisiyejua lolote nikaingia kufundisha.

"Hizi zinakula nini?" mama akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Okari ikapenya bati. "Mama Nyakerario, mwambie mama wanakula papai na mapera."

"Wanakula papai na mapera," nikasema, kana kwamba mama ni kiziwi.

"Mwambie nimesikia. Na damu?"

"Mwambie hawa si wa damu."

"Si wa damu, Mama."

"Biblia inasema popo ni najisi."

"Mwambie hatuwali."

Nilimwona mama akijiuma mdomo asicheke, nikazidi kukasirika. Watu wazima wawili wanasikiana vizuri kabisa, na mimi katikati nimegeuzwa bomba la maji. Akauliza kuhusu magonjwa. Okari akaeleza kwamba popo anaweza kubeba magonjwa, ndiyo maana hakuna anayewagusa ila yeye, tena kwa glavu, na mtoto haruhusiwi kuingia humu. Nikayarudia yote. Mama akauliza ni nani anayesafisha sakafu.

"Mwambie ni mimi, kila asubuhi."

"Na kukata matunda?"

"Ni mimi."

"Na kukaa na wageni?"

"Mwambie ni mimi, kutwa nzima."

Hapo nikashindwa. "Na kupika ni nani?" nikauliza. "Kufua? Kupeleka mtoto nasari? Kula peke yake kila siku kama mjane?"

Maswali hayo hayakuwa ya mama, na Okari alijua.

Mama akanigeukia. "Nyamoita," akasema, "mtoto nitamwacha. Hana shida hapa. Ni wewe unataka kuondoka, si ndio?"

Nilitaka kukana. Badala yake machozi yakanitoka mbele ya popo wote wa Okari. "Ndiyo, Mama," nikasema. Wala sikunong'ona.

Nilingoja Okari aseme "mwambie mama" chochote, hata cha kijinga. Nilisikia tu kiatu chake kikisogea kwenye changarawe, kikasimama.

"Hiyo sipeleki mimi," mama akasema, akijiweka vizuri kwenye benchi. "Enda mwambie mwenyewe, macho kwa macho. Mimi niko sawa hapa na hizi vitu zake."

Nikafungua mlango wa ndani, nikaufunga nyuma yangu, kisha nikashika kitasa cha ule wa nje.