Mshono wa Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vya kazini, Mkaguzi alimtungia mama yake uzi kwenye sindano kumi na mbili. Macho ya mama yalikuwa yamechoka, tundu la sindano hakuliona tena. Vidole lakini vilikuwa bado vya fundi aliyeshona miaka arobaini kwa mkono wa kushoto, na mtu akimtungia uzi alishona hata kwa kupapasa. Binti alizichomeka sindano kwenye kipande cha sponji, mama akakitia kwenye kikopo cha zamani cha mafuta ya kujipaka, akaenda zake kwenye kibarua. Cha kushona magunia, ndivyo alivyosema.

Mwezi ule mambo mawili yalimkera Mkaguzi, naye si mtu wa kukereka kimya kimya. La kwanza, uzi wa katani ulikuwa umegeuka nailoni ya kijivu. La pili, mama alirudi jioni mikono ikinukia ndimu hadi kwenye kucha. Alipouliza, mama alisema magunia ya siku hizi yananuka. Alipouliza ni magunia ya nani, akaambiwa aache kumkagua mamake, yeye si samaki. Walicheka wote wawili, ila mmoja hakucheka sana.

Kushuku ndiyo kazi iliyomlisha. Kwenye ghala la samaki, papa hakupita mpaka awe na mapezi yake yote mwilini, na sababu ya sheria hiyo ilimpandisha hasira Mkaguzi kila alipoieleza. Wanunuzi wakubwa wanataka mapezi tu. Nyama wanaiona inawajazia barafu bure. Basi wako wavuvi wanaomkata papa mapezi na kumrudisha majini akiwa hai. Bila mapezi hawezi kuogelea, anazama mpaka chini na kufia huko. Papa wakubwa huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na wengi wao huzaa watoto wachache. Katika miaka kumi na moja ya kazi hiyo Mkaguzi alikuwa amewaona wakubwa wakipungua, hata siku akiletewa mmoja anakwenda kusimulia nyumbani.

Msimamizi wa ghala waliyempa jina la Usijali, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni, Alhamisi ile alikuwa mtamu kupita kiasi. Alimletea Mkaguzi kikombe cha chai. Alimletea kiti, kisha akarudi na mto wa kukalia. Kwa miaka yote hiyo Mkaguzi alikuwa akikagua kwa miguu yake miwili bila mtu kumwonea huruma, kwa hiyo machale yakamcheza.

Mezani walilazwa papa arobaini wadogo, wa aina inayoruhusiwa, wamegandishwa wakawa wagumu kama magogo. Nje lori lilikuwa linanguruma tayari. Kilichobaki ni muhuri wake tu.

Usijali alisema mapezi yote yapo, ahesabu mwenyewe. Alihesabu, na kweli yalikuwepo. Lakini papa wa tisa hakumpendeza. Pezi lake la mgongoni lilikuwa kubwa mno, akawa kama mtoto aliyevalishwa koti la baba yake. Usijali alisema bahari ina maajabu. Mkaguzi alichukua ile chai, ambayo hakuwa ameionja, akaimimina kwenye shina la pezi.

Barafu iliyeyuka, na chini yake ukatokea mshono wa nailoni ya kijivu.

Hapo akauelewa mchezo wote. Papa wakubwa waliokatazwa walikuwa wamekatwa mapezi na kutupwa huko huko baharini, kisha mapezi yao yakashonwa kwenye hawa wadogo, mahali pa yale madogo yao, ili yapite mbele ya macho yake kwa halali. Kwa wiki ngapi yalikuwa yakipita? Aliona aibu kabla hajaona hasira. Akainama autazame mshono vizuri.

Mishono ilikuwa midogo, imebanana, yote imelalia kushoto. Mwishoni uzi ulirudi chini mara tatu ukakatwa kwa meno, bila fundo. Mkaguzi aliinua kidogo pindo la sketi aliyoshonewa na mama yake, akalitazama, akaliachia.

"Fundi wenu ni nani?" aliuliza, na sauti yake haikumridhisha.

"Unamjua kuliko mimi," Usijali alisema, bado anatabasamu. "Ukiandika mapezi, utaandika na aliyeyashona. Gonga muhuri, dada, kila mtu akalale kwake."

Kumbe Usijali hakumchukua yule mama kwa ajili ya vidole vyake, bali kwa ajili ya binti mwenye muhuri. Mkaguzi alifunga mlango wa chumba cha barafu, akatia lakiri na kuutia ufunguo mfukoni. Alimwambia dereva azime lori, kisha akazunguka nyuma ya ghala akifuata harufu ya ndimu.

Mama alikuwa kwenye kichumba cha vifaa vya usafi, amekalia ndoo iliyopinduliwa, aproni ya plastiki hadi miguuni. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya ndimu ya kuondolea harufu ya samaki mikononi na papa mmoja aliyeshonwa nusu. Aliitambua hatua ya bintiye kabla hajaongea, akaweka sindano chini.

Alieleza bila kuzunguka. Mafundi wote mjini walikuwa wamemkataa kwa sababu ya macho, na Usijali alimwambia mapezi yamekatika wakati wa kupakua, yarudishwe tu.

"Na wewe uliamini?"

Mama alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Wiki ya kwanza niliamini," alisema. "Baadaye niliona hayalingani. Hata kipofu angeona."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungeacha kunitungia uzi. Ningekaa ndani nangoja kulishwa."

Mkaguzi alitaka kufoka, na maneno ya kufokea alikuwa nayo tele. Lakini macho yake yalikuwa yameangukia kile kikopo. Kwenye sponji zilibaki sindano mbili, uzi wa kijivu ukining'inia, urefu ule ule aliopima kwa mkono wake asubuhi huku akiimba. Zilizotumika zilikuwa kumi. Alipiga hesabu ya siku za mwezi mzima.

Alikichukua kikopo. Mama aliinuka, akamshika binti bega kama afanyavyo kwenye ngazi, wakarudi pamoja hadi mezani. Kile kiti chenye mto alikikalia mama.

Mkaguzi aliitoa fomu. Kwenye nafasi ya waliohusika alianza na cheo cha Usijali na jina lake kamili, na lile tabasamu hatimaye likakauka. Mstari wa pili alimwandika mama yake mzazi, kalamu ikikwama kila herufi. Mama aliisikia kalamu ikikwama.

"Andika, mwanangu," alisema. "Lakini usiache mstari wazi."

Akaandika wa tatu. Usijali, aliyekuwa amejifunza kusoma fomu kichwa chini, alinyoosha shingo.

"Huyo wa tatu ni nani tena?"

"Aliyetunga uzi," Mkaguzi alisema, akaweka sahihi yake chini ya jina lake mwenyewe.